Herufi Tatu za Nafasi ya Sita

Kila ninapoombwa kumweleza DNA mtu aliyeachana na biolojia tangu kidato cha pili, sianzi na mchoro wa ngazi iliyosokotwa ambao umejaa vitabuni. Naanza na herufi tatu: G, A, G. Zipo kwenye kromosomu ya 11, karibu na mwanzo wa jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa hemoglobini, ile protini inayozipa seli nyekundu za damu rangi yake na uwezo wake wa kusafirisha oksijeni. Mnyororo huo una asidi amino 146, yaani vijenzi vya protini, zilizoungana moja baada ya nyingine, na herufi hizo tatu ndizo zinazoamua ni asidi amino gani itakaa katika nafasi ya sita. Herufi ya kati ikiwa T badala ya A, na mtoto akairithi hali hiyo kwa baba na kwa mama pia, mtoto huyo atakuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi mitaani tunauita sikoseli.

Nimefundisha biolojia ya sekondari muda wa kutosha kuona jinsi somo hili linavyokatwa vipande. Umbo la DNA hufundishwa mahali pake, kanuni za urithi mahali pengine, na magonjwa ya damu hutajwa kwa kupita tu. Matokeo yake mwanafunzi anaweza kuchora bila kosa mraba wa urithi wa mzazi mwenye AS (A hapa ni jeni ya hemoglobini ya kawaida, S ni ya selimundu) na mwenzake mwenye AS, akapata alama zote, na bado asijue kwamba ile S aliyoiandika mara nne ni badiliko la herufi moja katika uzi wenye mamilioni ya herufi. Maoni yangu ni kwamba nafasi hii moja, ya sita, inatosha kufundishia karibu kila jambo la msingi kuhusu DNA na msimbo wake, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi ya wengine ya kuanzia hapo.

Tuanze na umbo, kwa kifupi. DNA ni nyuzi mbili ndefu zinazozungukana. Uti wa kila uzi umejengwa kwa sukari ya deoksiribosi na fosfati zinazopokezana, na kila sukari imeshika besi moja kati ya nne: adenini, thaimini, guanini au saitosini, ambazo huandikwa A, T, G na C. Besi za nyuzi hizo mbili hutazamana kwa ndani, A ikishikana na T kwa bondi mbili za haidrojeni na G ikishikana na C kwa bondi tatu. Upana wa umbo zima ni takriban nanomita 2, na kutoka jozi moja ya besi hadi nyingine ni nanomita 0.34. Nyuzi zenyewe huelekea pande zilizo kinyume, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Katika seli moja ya mwanadamu, DNA yote ikinyooshwa na kuunganishwa, urefu wake ni kama mita 2.

Historia ya ugunduzi huu imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi kwa upendeleo. Erwin Chargaff alikuwa ameonyesha kwamba katika DNA ya viumbe mbalimbali kiasi cha A hulingana na cha T, na cha G na cha C. Mwaka 1952, katika Chuo cha King's jijini London, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha ya miale ya eksirei iliyoonyesha wazi alama ya umbo la mzunguko. James Watson wa Cambridge aliiona picha hiyo, naye na mwenzake Francis Crick wakapata vipimo vya Franklin, bila yeye mwenyewe kujua, wakaunganisha mambo yote, na kuchapisha pendekezo lao katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 37. Tuzo ya Nobel ya 1962 ilikwenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins.

Jambo ambalo husimuliwa kwa uchache ni kwamba mshindani wao mkubwa, Linus Pauling wa Marekani, alitangulia kuchapisha pendekezo lake mapema mwaka huo huo, naye alikosea: aliweka nyuzi tatu badala ya mbili, na fosfati akaziweka ndani. Nalitaja kwa sababu Pauling huyo huyo, miaka minne kabla, alikuwa ameandika ukurasa wa kwanza wa habari yetu ya nafasi ya sita. Mwaka 1949 yeye na wenzake walipitisha umeme kwenye hemoglobini ya watu wenye selimundu na ya watu wasio nayo, wakaona kwamba hizo mbili hazisafiri sawasawa kwa kuwa chaji zake zinatofautiana. Huo ndio ugonjwa wa kwanza kuthibitishwa kwamba chanzo chake ni kasoro ya molekuli. Kipimo cha hemoglobini kinachofanywa hadi leo katika hospitali zetu kubwa, kile kinachotoa jibu la AA, AS au SS, kinatokana na wazo hilo la kutenganisha hemoglobini kwa tofauti ya chaji.

Tofauti hiyo ilikuwa wapi hasa? Jibu lilipatikana Cambridge, katika maabara ile ile alimofanyia kazi Crick. Vernon Ingram aliikata hemoglobini vipande vidogo kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza juu ya karatasi kwa umeme na kwa kimiminika, akapata madoa yapatayo 30. Alipolinganisha karatasi ya hemoglobini ya kawaida na ile ya selimundu, madoa yote yalikubaliana isipokuwa moja. Mwaka 1957 aliweza kusema kwa uhakika kilichobadilika katika kipande hicho: asidi ya glutamiki ilikuwa imeondoka na mahali pake pamekaliwa na valini. Asidi amino moja tu, katika mnyororo wa 146. Wakati huo hakuna aliyejua jinsi DNA inavyoagiza asidi ya glutamiki au valini, kwa hiyo Ingram alikuwa amesoma tafsiri kabla ya mtu yeyote kuweza kuusoma waraka wenyewe.

Waraka ulianza kusomeka mwaka 1961. Hesabu ilikuwa imekwisha kudokeza kwamba neno la DNA haliwezi kuwa na herufi mbili, kwa sababu herufi nne zikipangwa mbilimbili hutoa maneno 16, na asidi amino zinazotumika katika protini ni 20. Zikipangwa tatu tatu hutoa maneno 64, ambayo yanatosha na kuzidi. Crick, Sydney Brenner na wenzao waliithibitisha hesabu hiyo kwa virusi vinavyoshambulia bakteria. Njia yao hueleweka upesi kwa sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu: MTU ALE YAI LEO. Ondoa T, kisha endelea kusoma tatu tatu kama kwamba hakuna kilichotokea, nawe utapata MUA LEY AIL EO. Neno la kwanza limebahatika kuwa na maana, lakini sentensi imekufa. Watafiti wale waliona kwamba virusi vikiongezewa herufi moja jeni huharibika, zikiongezwa mbili huharibika vilevile, lakini zikiongezwa tatu zilizo karibu karibu, jeni mara nyingi hurudi kufanya kazi, kwa kuwa baada ya eneo dogo lililovurugika usomaji unakaa tena kwenye mstari wake. Msimbo, kwa hiyo, husomwa tatu tatu kuanzia mahali maalumu, bila alama yoyote ya kutenganisha maneno.

Mwaka huo huo, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitengeneza RNA, aina ya nakala ya ujumbe wa DNA ambayo huandika U mahali pa T, yenye herufi U peke yake, wakaitia ndani ya mchanganyiko wa seli za bakteria zilizopasuliwa, ikatoka protini yenye asidi amino ya fenilalanini tupu. UUU ikawa neno la kwanza kutafsiriwa. Kufikia mwaka 1966 maneno yote 64, yaani kodoni, yalikuwa yamejulikana: kodoni 61 huita asidi amino, na tatu, UAA, UAG na UGA, huagiza usomaji usimame. AUG huita methionini na ndiyo pia alama ya kuanzia. Nirenberg, Har Gobind Khorana na Robert Holley walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1968. Jedwali la kodoni lilipokamilika, ugunduzi wa Ingram ulipata maelezo yake: asidi ya glutamiki huitwa na GAA au GAG, valini huitwa na kodoni zote zinazoanza na GU, na njia fupi ya kutoka moja hadi nyingine ni kubadili herufi ya kati. Katika DNA, GAG imekuwa GTG.

Sasa tazama kile ambacho nafasi hii inaweza kufundisha. GAG ikibadilika kuwa GAA, herufi imebadilika lakini asidi amino ni ile ile, na mwenye badiliko hilo hatajua kamwe. Ikibadilika herufi ya kwanza, GAG ikawa AAG, nafasi ya sita itakaliwa na laisini, na hapo tunapata hemoglobini C, ambayo ni ya kawaida Afrika Magharibi, hasa kaskazini mwa Ghana na Burkina Faso, na ambayo madhara yake ni madogo kuliko ya S. Ikibadilika ya kati, ni selimundu. Herufi ya kwanza ikiwa T, tunapata TAG, amri ya kusimama, na mnyororo utakatika baada ya asidi amino tano tu. Na A ya kati ikidondoka kabisa, usomaji wote unaofuata unapotea njia kama ile sentensi ya yai. Kasoro hii ipo kweli, hasa kwa watu wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na huleta thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Herufi tatu pekee zimetupa badiliko lisilo na athari, badiliko la athari ndogo, badiliko la athari kubwa, amri ya kusimama kabla ya wakati, na uharibifu wa mstari mzima wa usomaji. Sijui mfano mwingine unaokusanya mambo haya yote mahali padogo namna hii.

Kuna jambo jingine ambalo michoro ya vitabu haisemi, nalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. GAG inapogeuka GTG, jozi ya A na T imegeuka kuwa jozi ya T na A. Bondi za haidrojeni ni mbili, kama zilivyokuwa. Upana wa umbo ni ule ule, mzunguko ni ule ule. Mtu akiitazama DNA hiyo kwa umbo lake peke yake, hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba pana kasoro, kwa sababu kwa DNA yenyewe hakuna kasoro. Vimeng'enya vinavyoinakili kabla seli haijagawanyika huachanisha nyuzi na kuweka T mbele ya A na A mbele ya T kwa uaminifu ule ule, na hivyo GTG hurithiwa vizazi na vizazi bila kuchakaa. Umbo hili linaweza kubeba ujumbe wowote kwa kuwa halijali ujumbe ni upi. Hitilafu huonekana pale tu ujumbe unaponakiliwa kuwa RNA, ukafika kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, ukasomwa.

Hata hapo mnyororo hutengenezwa vizuri na kujikunja vizuri. Asidi ya glutamiki ilikuwa na chaji hasi na ilikaa juu ya uso wa hemoglobini, ikipatana na maji yanayoizunguka. Valini haina chaji na haipatani na maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni yake, umbo lake hubadilika kidogo na kufunua kishimo kwenye molekuli ya jirani, ambamo valini hiyo huingia na kukwama. Molekuli moja hushika nyingine, nazo hujipanga kuwa nyuzi ngumu zinazoivuta seli nyekundu hadi ikapinda kama mundu. Seli ya namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa ambayo wazazi wa watoto wenye selimundu wanayajua kuliko kitabu chochote. Pia huvunjika mapema: seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, ilhali iliyo na SS huishi kati ya siku 10 na 20 hivi, na upungufu wa damu hautokani na lishe wala uzembe wa mama.

Kwa nini basi herufi yenye madhara kiasi hiki imeenea sana kwetu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo mwaka 1949 na kukuta kwamba mara nyingi waliobeba S walizidi asilimia 20 pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini hawakufika asilimia 1 katika nyanda za juu na sehemu kame. Ramani hiyo ni ramani ya malaria. Alirudi mwaka 1953 kulipima wazo lake. Miongoni mwa watoto 290 wa maeneo ya Kampala, vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 28 hivi ya wale wenye AS, na kwa asilimia 46 hivi ya wale wasio na S. Kisha aliwaambukiza malaria watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea: kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vimelea; kati ya 15 wenye AS, ni wawili tu. Sina raha na sehemu hii ya pili ya utafiti, na ningependa kujua watu wale walielezwa nini, kwa lugha gani, kabla hawajakubali. Lakini matokeo yamesimama. Tafiti za baadaye za Kilifi zimeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Herufi ile ile inayomuumiza mtoto aliyeipata mara mbili imewavusha utotoni watoto wengi walioipata mara moja, na hao wakakua na kuzaa.

Hapa lazima nigusie kosa la hesabu ninalolisikia mara kwa mara. Wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa robo kwamba mtoto atakuwa SS, na wengi huelewa kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni bahati nasibu mpya, na robo ni ile ile kwa mtoto wa kwanza na kwa wa tano. Nimeona pia mama akibebeshwa lawama peke yake na ukoo wa mume, wakati jedwali halina nafasi yoyote ya SS isipokuwa pale ambapo baba naye ametoa S yake.

Wala GTG mbili hazimaanishi maisha ya namna moja. Mtoto mchanga mwenye SS kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa damu yake bado imejaa hemoglobini ya kijusi, ambayo hutengenezwa na jeni nyingine na haina hiyo nafasi ya sita yenye matatizo. Jeni hiyo hufifia kadiri miezi inavyopita, lakini si kwa watu wote sawa. Katika Mkoa wa Mashariki wa Saudi Arabia na sehemu za India kuna watu wenye SS ambao wamebaki na kiasi kikubwa cha hemoglobini ya kijusi, na ugonjwa wao mara nyingi ni mwepesi zaidi. Herufi zinazoizunguka S kwenye kromosomu hutofautiana kutoka eneo hadi eneo, na watafiti wamezipanga katika makundi yenye majina kama Benin, Senegal, Kameruni, Kibantu na Kiarabu-Kihindi. Nchini Oman wamekuta kundi la Kibantu pamoja na la Benin na la Kiarabu-Kihindi, jambo lisilomshangaza mtu anayeijua historia ya Muscat, Zanzibar na Mombasa, pamoja na sura yake ya utumwa. Makundi hayo yalidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ushahidi kwamba S ilizuka mara nyingi, kila mahali kivyake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Daniel Shriner na Charles Rotimi ulihitimisha kwamba ilizuka mara moja, kiasi cha miaka 7,300 iliyopita, kisha ikasambaa na watu.

Matibabu nayo yamefuata mkondo wa hemoglobini ya kijusi kuliko wa herufi yenyewe. Haidroksiurea, dawa ya kumeza, huongeza hemoglobini hiyo, na utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwa familia za huku, ingawa magazeti huipenda zaidi ile ya kuhariri jeni. Upandikizaji wa uloto nao umeanza karibu nasi: Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iliuanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, lakini unahitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, na si kila mtoto anaye.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza kuidhinishwa inayotumia mkasi wa kimolekuli uitwao CRISPR. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wengi wanaamini kwamba tiba hiyo husahihisha herufi iliyokosewa. Haiigusi. Madaktari huchukua seli zinazozalisha damu, hukata mahali pengine kabisa, kwenye kromosomu ya 2, panapoiwezesha jeni ya BCL11A kuzima hemoglobini ya kijusi, kisha huzirudisha seli hizo mwilini baada ya kuua uloto wa zamani kwa dawa kali. Hemoglobini ya kijusi hurejea na seli huacha kupinda. GTG hubaki mahali pake katika kila seli ya mwili, zikiwamo za uzazi, na mtu aliyepona kwa njia hiyo atampa S kila mtoto atakayemzaa.